Kulala kumegeuka vita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtoto mwenye usonji anayekwepa kila anachoambiwa

Haya ni maswali ambayo wazazi wa watoto wenye usonji wa aina ya PDA (Pathological Demand Avoidance, yaani kukwepa matakwa kupita kiasi) wanauliza kila siku, mengine yanaulizwa usiku wa manane mtoto bado anarukaruka juu ya kitanda. Nalea mtoto wa hivi, kwa hiyo mengine nayajibu kwa yale ninayoyaona nyumbani na mengine kwa yale ambayo madaktari na wataalamu wa usingizi wanayajua tayari. Soma swali linalokuhusu, sio lazima uanzie juu.

Mtoto anapiga miayo, macho mekundu, anasinzia akiwa amekaa, halafu ukitaja tu neno kulala anapata nguvu za ajabu. Kwa nini?

Kwa sababu kwake kulala ni amri, tena ni rundo la amri zimepangwa foleni. Hebu zihesabu mwenyewe: zima tivii, acha unachocheza, vua hii, vaa ile, piga mswaki, nenda chooni, panda kitandani, jifunike, nyamaza, tulia, funga macho, baki peke yako gizani. Mtoto mwingine anazipita hizo bila hata kuziona lakini huyu kila moja inamshtua, moyo unaenda mbio, mwili unajiweka tayari kupambana au kukimbia, na mwili ulioshtuka haulali hata uwe umechoka vipi. Ndo maana unaona usingizi ulikuwepo kabisa dakika tano zilizopita na sasa hivi haupo.

Na ile ya mwisho, usingizi wenyewe, ndo ngumu kuliko zote. Huyu ni mtoto anayejisikia salama pale tu anapokuwa na uamuzi juu ya mambo yake, sasa kulala maana yake ni kuachia kila kitu, hujui nini kinaendelea, hujui mama yuko wapi, huamui chochote. Ukiongeza kwamba mchana kutwa shuleni alikuwa anajibana asionekane tofauti, usiku ndo kila alichokimeza kinatoka.

Kuna kitu kingine kinachowashangaza wazazi wengi, hata mwili wake mwenyewe unaweza kuwa unamwamrisha. Njaa ni amri, mkojo ni amri, uchovu ni amri. Ndo unakuta mtoto amebana mkojo mpaka anacheza miguu na ukimuuliza anasema hasikii kitu. Akikwambia "sijachoka" usimwite mwongo, wengi wao kweli ishara za mwili haziwafikii vizuri, na zikifika zinakuja kama mtu mwingine anayewapangia.

PDA ni nini hasa? Ni ugonjwa?

Ni jina la namna fulani ya kuishi na usonji ambapo mtu anakwepa matakwa ya kawaida ya kila siku kwa kiwango kikubwa mno, na kinachomsukuma ni hofu na ile haja ya kuwa na uamuzi. Jina lilianzishwa na mwanasaikolojia wa watoto Elizabeth Newson kule Nottingham, Uingereza, miaka ya 1980, na makala yake maarufu kwenye jarida la kitabibu ilitoka 2003. Kwenye vitabu vikubwa vya utambuzi, DSM-5 na ICD-11, PDA haimo kama utambuzi unaojitegemea, kwa hiyo usishangae daktari mmoja akikuelewa haraka na mwingine akasema hajawahi kuisikia. Wataalamu bado wanabishana iitweje na iwekwe wapi. Wewe usisubiri wamalize, mtoto analala leo.

Utamjua kwa vitu kama hivi: anakwepa hata anachokipenda mwenyewe, anatumia ujanja wa maneno (visingizio, vichekesho, kubadilisha mada, "miguu yangu imekufa", "mimi ni paka na paka hawalali"), hisia zinageuka ghafla, na njia zilizofanya kazi kwa watoto wengine wenye usonji kwake zinazidisha moto.

Lakini si ni utundu tu? Hajafundishwa adabu.

Hapana. Mtundu anapima, akipata anachokitaka anatulia. Huyu unaweza ukampa kila anachotaka na bado akashindwa, unamwona kabisa anataka kupanda kitandani na mwili hauendi. Kumchapa au kumtisha kunaongeza hofu na hofu ndo mzizi wa yote, kwa hiyo kesho usiku utakuwa mgumu zaidi ya leo, na mtoto atakuwa amejifunza kwamba kitandani ni mahali pa kuumizwa. Nalisema hili kwa uzito wote kwa sababu ushauri wa kiboko unatoka kwa kila mtu, na watoto hawa wanaumia sana kwa kitu ambacho hawakukichagua.

Wote wanasema ratiba, ratiba, ratiba. Mbona kwetu ratiba ndo inaharibu?

Kwa watoto wengi wenye usonji ratiba iliyonyooka inasaidia kweli, inawapa uhakika. Mtoto wa PDA anaupenda huo uhakika pia ila ratiba yenyewe ikishabandikwa ukutani na picha zake na mishale inakuwa bosi mwingine. Atafurahia siku mbili tatu kwa sababu ni kitu kipya halafu atakuja kuichana.

Kinachofanya kazi ni mtiririko ambao haujatangazwa. Yaani nyumba yenyewe ndo inabadilika, mtoto haambiwi kitu. Taa kali zinazimwa moja moja, inabaki ile hafifu ya pembeni. Sauti ya tivii inashuka. Watu wazima wanaanza kuongea polepole, wanakaa chini badala ya kusimama simama. Wewe mwenyewe unavaa nguo zako za kulalia mapema. Mambo yanafuatana kwa mpangilio uleule kila usiku lakini hamna mtu anayesema "sasa ni muda wa". Mwili wa mtoto unausoma mpangilio huo taratibu bila mtu kumpa cha kukataa.

Na uwe tayari mpangilio kubadilika. Usiku mmoja anataka kulala chini kwenye godoro, mwingine kwenye kochi, mwingine kichwa kiko upande wa miguu. Kama ni salama, mwache. Kitanda ni samani tu.

Sasa nisemeje? Maana kila nikifungua mdomo ni ugomvi.

Hapa ndo penye kazi kubwa na ndo penye faida kubwa. Amri ipo hata kwenye sentensi ambayo haina ukali. "Twende tukalale mpenzi" ni amri. "Utapiga mswaki saa hizi au baadae?" ni amri imevaa nguo nzuri, na watoto hawa wanainusa kutoka mbali. Hata "hongera umelala mapema jana!" kwa wengi ni amri, inamaanisha leo ufanye tena.

Jaribu kusema vitu kama unaviona tu, bila kumwelekeza mtu. "Naona mvua imeanza." "Miguu yangu imechoka leo, mimi naenda kujinyoosha." "Sijui hili dubwana la rangi ya bluu linataka kulala upande gani." Halafu unanyamaza, na kunyamaza kwenyewe ndo sehemu ngumu, wazazi wengi tunaharibu hapo kwa kuongeza "eeh? unasikia?" Unampa nafasi afikie mwenyewe.

Mfano halisi wa jinsi inavyokuwa. Unaingia chumbani kwake, humtazami, unakaa chini umempa mgongo na kapu la nguo safi, unaanza kukunja. Yeye yuko juu ya kabati ndogo anapiga kelele za roboti. Unakunja. Unashika foronya unaiweka shavuni, unasema kwa sauti ya kujisemesha, "hii upande huu ina ubaridi mzuri." Unaendelea kukunja. Kimya kidogo, halafu "upande gani?" Unaiweka tu juu ya mto, hujibu sana, "huu naona." Anashuka kuja kupima kwa shavu lake. Sasa kichwa kiko kwenye mto na hakuna aliyemwambia aweke kichwa kwenye mto. Hapo usijisifu, usimsifu, usikimbilie kumfunika. Endelea kukunja nguo.

Mambo mengine yanayosaidia kwenye kuongea: michezo na sauti za kuigiza (mwanasesere anaweza kuagiza kitu ambacho mama hawezi), kumwomba ushauri badala ya kumpa ("nashindwa kujua hii taa iwe wapi"), kuandika kijikaratasi au kutuma meseji kwa wale wakubwa kwa sababu maandishi hayana macho yanayomtazama. Na kila kimoja kitafanya kazi kwa muda halafu kitachoka, hiyo ni kawaida, unakipumzisha unaleta kingine, baada ya mwezi unaweza kukirudia.

Ila usimdanganye. Kuficha amri ndani ya mchezo ni sawa, kumhadaa ili umnase ni kitu kingine, wanakumbuka na imani ikivunjika inachukua muda mrefu sana kurudi.

Mswaki, kuoga, nguo za kulalia. Kila kimoja ni nusu saa ya mayowe.

Viondoe kwenye usiku. Kweli kabisa. Hakuna sheria inayosema mtoto aoge kabla ya kulala, aoge asubuhi, aoge akitoka shule, au leo afutwe na kitambaa. Nguo za kulalia, alale na fulana yake ya mchana, au avae jioni mapema nguo laini za kesho alale nazo, asubuhi mmeshaokoa vita nyingine. Angalia na lebo za shingoni, mishono ya soksi, shuka linalokwaruza, kwa ngozi ya mtoto mwenye usonji hivyo ni maumivu.

Meno ndo huwezi kuyaacha moja kwa moja, ila unaweza kuhamisha. Apige mswaki jioni mapema akiwa anaangalia katuni, au kwenye beseni la kuogea, au apige mwenyewe vibaya halafu kesho yake vizuri kidogo. Dawa ya meno isiyo na ladha na isiyotoa povu ipo na kwa watoto wengi povu na minti ndo tatizo zima. Wengine wanakubali mswaki wa umeme, wengine unawatisha. Ongea na daktari wa meno kuhusu floraidi ili ujue kama siku mnazokosa zina madhara kwa meno yake.

Chati ya stika na zawadi?

Kwa wengi wa PDA inakataa. Zawadi ni amri yenye sukari juu, na akikosa stika anaona ameshindwa mbele ya ukuta mzima. Kama kwako inafanya kazi na mtoto hana stresi nayo, endelea.

Alale saa ngapi na masaa mangapi?

American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi Marekani, mwaka 2016 walitoa kiwango: miaka 3 mpaka 5, masaa 10 mpaka 13 ndani ya masaa 24 pamoja na usingizi wa mchana. Miaka 6 mpaka 12, masaa 9 mpaka 12. Miaka 13 mpaka 18, masaa 8 mpaka 10. Hizo ni za watoto wote, na wa kwetu wengi hawafiki, matatizo ya usingizi kwa watoto wenye usonji ni mengi kuliko kwa watoto wengine, tafiti nyingi zinataja kati ya asilimia 50 na 80. Kwa hiyo usikae na kalenda na kalkuleta ukijihukumu.

Kitu cha maana zaidi ni kujua mwili wake unalala saa ngapi wenyewe. Kama mnaanza kupigana saa 2 usiku na analala saa 5, yale masaa matatu katikati hayampi usingizi, yanampa mafunzo ya kuchukia kitanda. Kuna njia ambayo wataalamu wa usingizi wanaitumia na inaendana vizuri na watoto hawa: sogeza muda wa kwenda chumbani mbele mpaka karibu na ile saa anayolala kweli, hapo saa 5 kasorobo, acha siku kadhaa alale bila vita, halafu urudishe nyuma kwa dakika 15, ukae hapo, tena dakika 15. Akigoma simama palepale. Jioni inayobaki iwe ya kutulia tu, sio ya kumkimbiza. Asubuhi jitahidi aamke muda unaokaribiana kila siku, na apate mwanga wa jua mapema, mwanga wa asubuhi ndo unaoipanga saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote.

Simu na tableti nizitoe?

Jibu la vitabuni ni ndiyo, saa moja kabla, kwa sababu mwanga unachelewesha melatonini (homoni ya mwili inayoleta usingizi) na vitu vyenyewe vinachangamsha akili. Jibu la nyumbani ni kwamba kwa mtoto wa PDA kumpokonya tableti saa 3 usiku kunaweza kuwasha moto utakaozimika saa 6, sasa hapo umeokoa nini? Wengi wa watoto hawa skrini ndo mahali pekee wanapotawala siku nzima.

Punguza ukali wake badala ya kuikata. Mwanga wa skrini chini kabisa, kitu alichokiona mara mia badala ya kipya, video ndefu ya polepole badala ya vipande vifupi vinavyojichezea vyenyewe, michezo ya kushinda na kushindwa isogee mapema jioni. Baadae hamia kwenye sauti tupu, hadithi ya kusikiliza, muziki, kelele za mvua. Kuna watoto wanalala na hadithi ileile masikioni mwaka mzima na hakuna ubaya wowote. Kama anataka wewe ukae karibu wakati anaangalia, kaa, hapo hapo mnaongea, hapo hapo mwili wake unakusikia umetulia.

Nimeambiwa nimwache alie mpaka alale.

Usimfanyie hivyo mtoto huyu. Hofu yake haitaisha kwa sababu umefunga mlango, itapanda, na akifika mwisho anaweza kujiumiza au kuvunja vitu. Akinyamaza baada ya hapo mara nyingi ni mwili umezima kwa kuzidiwa.

Hataki kulala bila mimi. Nitalala naye mpaka lini?

Mpaka asipokuhitaji. Najua jibu hili linawaudhi wengine. Mtoto mwenye hofu anaazima utulivu wako, mwili wake unatulia kwa kusikia pumzi zako, na ukimpa hivyo bila kinyongo anatulia haraka kuliko ukimpa nusunusu huku unachungulia mlango. Kaa naye, lala naye, weka godoro lako sakafuni, chochote kinachowapa usingizi nyote wawili.

Ukitaka kusogea, sogea kwa sababu zako wewe mwenyewe na useme wazi: "mgongo unaniuma, nakaa kwenye kiti." Au unatoka kidogo na unarudi kweli ulivyosema, "naenda kunywa maji narudi". Ukisema unarudi, rudi, hata kama ameshalala rudi. Kwa mtoto mkubwa anayetaka kuwa peke yake lakini anaogopa, kifaa cha kumsikiliza mtoto aliye chumba kingine au kugonga ukuta mara mbili kunatosha.

Akilipuka kabisa, anapiga, anarusha vitu, nifanyeje saa hiyohiyo?

Punguza kila kitu. Maneno, taa, watu chumbani, macho yako. Maneno hasa, maana mtoto akiwa kwenye hali hiyo sehemu ya ubongo inayoshughulika na sababu na matokeo haipo kazini, kila unachoeleza ni kelele, na "hebu tulia" ni amri nyingine tena. Wataalamu wanaita njia hii kushusha msisimko na inaanza na mwili wako mwenyewe: mabega chini, mikono wazi, kaa au inama uwe chini kuliko yeye, kaa pembeni sio mbele yake, usizibe mlango. Pumua polepole kwa sauti anayoweza kuisikia, usimwambie apumue.

Ondoa vitu vinavyoumiza, watoe wadogo zake, na kama anajigonga kichwa weka mto kati ya kichwa na ukuta bila kumkumbatia kwa nguvu, isipokuwa unajua yeye anataka kubanwa, wapo wanaotaka. Amri zote za usiku huo zimefutwa. Mswaki umefutwa, kulala kumefutwa. Mtu akifuta amri kwa sauti tulivu, "leo hakuna kulala, tupo tu", mara nyingi unaona mabega ya mtoto yanashuka mbele ya macho yako, na baada ya muda analala palepale chini.

Akishatulia usianze mazungumzo ya somo. Maji, kitu cha kutafuna, blanketi. Wengi wanaona aibu kubwa baada ya hapo hata kama hawasemi, wanahitaji kuona kwamba wewe bado ni yuleyule. Mambo ya kuongea yaongeeni kesho mkiwa mnatembea au kwenye gari, pembeni kwa pembeni, kwa dakika moja.

Melatonini inasaidia?

Kwa watoto wengi wenye usonji ndiyo, hasa kwenye kuchukua muda mrefu kushikwa na usingizi. Madaktari wa neva wa Marekani, American Academy of Neurology, kwenye mwongozo wao wa 2020 walisema kwanza yatibiwe magonjwa yanayovuruga usingizi na kujaribiwa njia za tabia, halafu kama haitoshi ndo melatonini kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Ulaya kuna ya kuyeyuka polepole iliyoidhinishwa tangu 2018 kwa watoto wa miaka 2 mpaka 18 wenye usonji wenye shida ya usingizi. Kwenye nchi ambazo inauzwa kama kirutubisho tu, chupa zimewahi kupimwa na kiasi kilichomo kikakutwa hakilingani na kilichoandikwa nje, tena kwa tofauti kubwa. Kwa hiyo pitia kwa daktari, akupe ya kuaminika, dozi na saa ya kumpa, na aangalie dawa nyingine anazotumia.

Na mpe akijua. Kumwekea dawa kwenye juisi kisiri akaja kugundua, utapoteza na juisi.

Blanketi zito je?

Utafiti mmoja mkubwa wa 2014 kwa watoto wenye usonji ulikuta halikuongeza masaa ya kulala, ila watoto na wazazi walilipenda kuliko blanketi la kawaida. Kupenda nako ni kitu. Asifunikwe kichwa, aweze kulitoa mwenyewe, na watoto wadogo sana wasipewe kabisa.

Naweza vipi kujua kama kuna kitu cha mwili kinachomsumbua?

Hili lifuatilie kwa nguvu kwa sababu PDA inaweza kuficha vitu vingine, kila mtu anasema "ni tabia yake" kumbe mtoto anaumwa. Akikoroma karibu kila usiku, analala mdomo wazi, amekunja shingo nyuma, au unasikia pumzi inakatika halafu anashtuka, huenda njia ya hewa inaziba akilala na mara nyingi ni tezi za kooni na puani. Miguu haitulii jioni, anaisugua, anaipiga kitandani, muulize daktari kuhusu madini ya chuma, kipimo kinaitwa feritini, chuma kikiwa chini kinaleta hali hiyo. Choo kigumu na kiungulia vinaamsha watoto wengi wenye usonji na wengi hawawezi kusema wapi panauma. Ngozi inayowasha. Kifafa kipo zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine, kwa hiyo mishtuko ya ajabu inayojirudia usingizini ipigwe video. Dawa za kusaidia umakini zikinywewa kwa kuchelewa mchana zinaweza kumfikia kitandani. Na kafeini, kwenye soda, chai, vinywaji vya kuongeza nguvu.

Anaamka saa 8 usiku na kuzunguka nyumba.

Usalama kwanza, halafu usingizi. Makabati na tivii vifungwe ukutani visimwangukie, madirisha yazuiwe, dawa, visu na viberiti vifungiwe, milango ya nje iwekewe kengele ndogo inayolia kwako. Usimfungie chumbani kwa ufunguo, moto ukitokea hatoki, na kwa mtoto huyu mlango uliofungwa ni hofu juu ya hofu. Weka vitu vya kimya anavyoruhusiwa akiamka, taa ndogo, midoli, maji, ili kuamka kwake kusigeuke tukio. Ukimkuta, maneno machache.

Wadogo zake wanauliza mbona yeye halazimishwi.

Waambie ukweli kwa kiwango chao: mwili wake unaogopa vitu ambavyo wako hauogopi, kila mtu hapa anapewa anachohitaji. Halafu hakikisha na wao wanapata muda wao na wewe, dakika kumi zisizokatizwa, kwa sababu malalamiko yao yana haki.

Mwenzangu, na bibi yake, wanasema namdekeza.

Usibishane wakati mtoto yuko macho, anasikia kila neno. Watu wengi hawashawishiki kwa maelezo, wanashawishika kwa kuona, mwachie mwenzako usiku mmoja wa njia hii na umwombe aangalie mtoto anashikwa na usingizi saa ngapi. Kwa wazee, kuwaambia "daktari amesema hofu ndo inamnyima usingizi" kunapita vizuri kuliko jina la PDA. Bibi anayejua kukaa kimya pembeni ya kitanda akisuka kitu chake anaweza kuwa bora kuliko sisi wote.

Usiku wa kuamkia shule ndo mbaya kuliko yote.

Basi angalia shule. Mtoto anayelala vizuri likizo na kushindwa muhula ukianza anakwambia kitu kuhusu mchana wake. Ongea nao kuhusu kupunguza kazi za nyumbani, kuingia kwa kuchelewa kidogo, mahali pa kupumzika katikati ya siku. Na akitoka shule apate saa nzima bila swali hata moja, hata "leo ilikuwaje".

Mimi nimeisha. Sina nguvu ya kukunja foronya na kuongea kwa upole.

Siku hizo fanya ya chini kabisa: salama, ameshiba, mnalala popote. Pokezaneni kama mko wawili, zamu ya usiku mzima sio nusu usiku. Kama uko peke yako lala naye saa ileile anayolala, vyombo vibaki. Na ukianza kuona unamwogopa mtoto au unahisi unaweza kumdhuru, toka chumbani, mwite mtu mzima mwingine, na kesho umwambie daktari wazi, madaktari wamelisikia hilo kwa wazazi wengi.

Niende kwa daktari na nini?

Daftari la wiki mbili: saa aliyoingia chumbani, saa aliyolala kweli, alivyoamka, alichokula jioni, siku ya choo, na mchana ulikuwaje. Video fupi ya kukoroma au ya miguu, dakika moja inatosha na inasema kuliko maelezo yako yote. Orodha ya dawa na virutubisho vyote. Na umwambie daktari mapema, kabla hamjaingia, kwamba kumwambia mtoto "panda kitandani nikupime" hakutafaa, aanze kwa kuongea na wewe na amwache mtoto azunguke chumba kwanza.